Kitatuzi kinapokataa kutambuliwa na tarakilishi

WANAFUNZI wengi wa uhandisi huifahamu vyema adha hii. Programu imekwisha kuandikwa, bodi imeunganishwa na siku ya kuwasilisha mradi inabisha hodi, lakini tarakilishi inashikilia kuwa haioni kifaa chochote.

Kifaa chenyewe ni kitatuzi, yaani kijisanduku kinachokaa baina ya tarakilishi na bodi ya elektroniki inayoundwa. Upande mmoja kina kebo ya USB inayoingia katika tarakilishi. Upande wa pili zinatoka nyaya chache zinazofika kwenye chipu ya bodi hiyo. Kupitia kwacho, mhandisi huweza kuisimamisha programu katikati ya safari yake, akachungulia kumbukumbu ya chipu, kisha akaiendesha programu hatua moja baada ya nyingine hadi aifumanie hitilafu iliyojificha.

Mita za umeme, mitambo ya sola inayolipiwa kidogo kidogo kwa simu, vifaa vya kufuatilia mienendo ya magari: vyote hivi vina chipu ambazo programu zake huandikwa na kusahihishwa kwa ala za aina hii. Kitatuzi kikikwama, kazi nzima hukwama.

Ajabu ni kwamba mara nyingi kitatuzi huwa kizima. Kinachosumbua ni kiendeshi, programu ndogo inayouwezesha mfumo wa tarakilishi kama vile Windows au Linux kuelewana na kifaa kilichochomekwa. Na kwa vile wengi hawajui kiendeshi hufanya kazi gani hasa, tiba inayokimbiliwa huwa ni ile ile: kukifuta, kukisakinisha upya, kuizima tarakilishi na kuiwasha tena. Pengine mambo hunyooka. Aghalabu huzidi kutatanika, kwa sababu sasa viendeshi vitatu vya matoleo tofauti vinagombea kifaa kimoja.

Swali la kwanza halipaswi kuwa ni kiendeshi gani kiwekwe. Linapaswa kuwa: mazungumzo kati ya kifaa na tarakilishi yamefika wapi?

NAMBARI MBILI

Tangu mfumo wa USB uanzishwe mnamo 1996, kila kifaa kinachochomekwa huanza kwa kujitambulisha. Hutaja nambari mbili. Ya kwanza ni ya kampuni iliyokiunda, nayo hutolewa na shirika linalosimamia USB. Ya pili ni ya aina ya kifaa na huchaguliwa na kampuni yenyewe. Kampuni ya FTDI ya Glasgow, Uskoti, kwa mfano, ina nambari 0403, ilhali STMicroelectronics, waundaji wa vitatuzi vya ST-LINK, wana 0483. Hesabu inayotumiwa ni ya kumi na sita badala ya kumi, hivyo mtu asishangae akikuta herufi kama A au F ndani yake.

Windows ikishazipokea nambari hizo, hupekua viendeshi ilivyo navyo ikitafuta kile kilichoandikiwa jozi hiyo. Ikikipata, hukikabidhi kifaa. Isipokipata, kifaa huachwa kining'inie bila mwenyewe.

Jambo la kutilia maanani ni kuwa katika hatua hii kifaa hakidaiwi ushahidi wowote. Kikisema mimi ni fulani, mfumo huamini.

Katika Windows, nambari hizo huonekana ndani ya Device Manager. Fundi hubofya jina la kifaa mara mbili, akafungua ukurasa wa Details na kuchagua Hardware Ids. Katika Linux, amri ya lsusb huziorodhesha zote mara moja. Hatua hii haichukui hata dakika mbili, lakini ndiyo inayorukwa na watu wengi kuliko nyingine yoyote.

Iwapo hakuna kinachobadilika katika orodha kifaa kinapochomekwa na kuchomolewa, tatizo ni la umeme, si la kiendeshi. Kebo nyingi zinazouzwa pamoja na chaja za simu zina nyaya mbili tu za kupitisha umeme, na hazina zile za kupitisha data. Taa ya kitatuzi itawaka, mwenye nacho ataamini kuwa kila kitu ki shwari, ilhali hakuna hata neno moja linalopita.

Tarakilishi za mezani zina mtego wake. Matundu ya USB yaliyo mbele ya kasha huunganishwa na bodi kuu kwa waya wa ndani, ambao huenda ukawa hafifu au umelegea. Yale ya nyuma yako kwenye bodi kuu yenyewe. Kitatuzi kinachosumbua kichomekwe nyuma, moja kwa moja, bila kupitia kigawanyaji, kabla ya jambo jingine lolote kujaribiwa.

Kuna hali ya katikati. Kifaa huorodheshwa kwa jina la Unknown USB Device, kosa nambari 43 likionyeshwa, na nambari ya kampuni ikisomeka 0000. Maana yake ni kwamba tarakilishi iliona kitu kimechomekwa, ikakiuliza jina, lakini haikupata jibu linaloeleweka. Hapo pia hakuna kiendeshi kitakachosaidia. Kinachotakiwa ni kebo nyingine, tundu jingine, na hatimaye kitatuzi chenyewe kujaribiwa katika tarakilishi ya jirani.

Kosa nambari 28 ni habari njema kwa kiasi fulani: kifaa kimejitambulisha vyema, ila kiendeshi chake hakijasakinishwa. Nambari 10 ina utata zaidi. Kiendeshi kimepatikana na kimekabidhiwa kifaa, lakini kifaa hakikuweza kuanza kazi. Wakati mwingine ni kiendeshi chenyewe kilichokikataa kifaa kwa makusudi, na hapo ndipo panapohitaji kurejelewa kisa cha mwaka wa 2014.

KIENDESHI KILICHOFUTA UTAMBULISHO

Miongoni mwa chipu za FTDI, mashuhuri zaidi ni FT232RL. Kazi yake ni kugeuza mawasiliano ya USB yawe ya aina ya zamani ambayo chipu ndogo huelewa kwa urahisi. Mafundi huitumia kupokea ujumbe kutoka kwa programu inayochunguzwa, na hata kama kitatuzi cha bei nafuu. Umaarufu huo uliwavutia waigaji. Chipu ghushi zilienea kote duniani, zikiwa na maandishi ya FTDI juu yake na nambari za FTDI ndani yake, ingawa uchunguzi uliofanywa mapema 2014 kwa kufungua chipu hizo ulionyesha kuwa maumbile yao ya ndani ni tofauti kabisa.

Mnamo Oktoba 2014, watumiaji wa Windows walianza kulalamika kwamba vifaa vyao vilivyofanya kazi jana vimekufa leo. Kilichotokea ni kwamba toleo jipya la kiendeshi cha FTDI lilikuwa limewafikia kupitia Windows Update, huduma ambayo husasisha tarakilishi bila mwenye nayo kushughulika. Kiendeshi hicho kilipokutana na chipu, kilituma amri ya kuandika upya kumbukumbu inayohifadhi utambulisho wake. Chipu halisi huandika kumbukumbu hiyo kwa namna tofauti kidogo, kwa hivyo haikuathirika. Chipu ghushi ilitii, na nambari yake ya pili ikageuzwa kuwa 0000.

Tangu hapo, chipu hiyo ilipochomekwa ilijitaja kama kifaa cha kampuni 0403, aina 0000. Hakuna kiendeshi cha Windows kilichoandikiwa jozi hiyo. Na kwa kuwa badiliko lilikuwa ndani ya chipu yenyewe, kukihamishia kifaa katika tarakilishi nyingine hakukusaidia.

Masharti ya matumizi yaliyoambatana na kiendeshi yalikuwa yametahadharisha kuwa vifaa visivyo halisi vingeweza kuharibika. Lakini ni nani husoma masharti ya programu ambayo hakuiomba? Walioumia hawakuwa waigaji, ambao walikwisha kupokea pesa zao. Walikuwa wanafunzi, mafundi na viwanda vidogo vilivyonunua bodi kwa nia njema, bila njia yoyote ya kujua chipu iliyomo ilitoka wapi. Kenya ina sheria ya kukabiliana na bidhaa ghushi iliyopitishwa mwaka wa 2008, nayo humwandama mfanyabiashara mbele ya mahakama. Kumharibia mnunuzi mali yake kimyakimya ni jambo jingine kabisa.

Baada ya kelele nyingi, FTDI ililiondoa toleo hilo mwezi huo huo. Mapema 2016 kampuni hiyo ilitumia mbinu ya upole zaidi: kiendeshi kipya hakikufuta kitu, ila chipu ghushi ilipotumiwa, mahali pa data palijaa maneno ya kutangaza kuwa kifaa si halisi. Hata hilo si dogo ikiwa data hiyo ilikuwa ikielekea kwenye mtambo unaofanya kazi.

Waendelezaji wa Linux walichukua mkondo wao. Waliongeza jozi ya 0403 na 0000 katika orodha ya vifaa vinavyokubaliwa, na chipu zilizokuwa zimekufa zikafufuka katika mfumo huo. Katika Windows, kifaa kilichoathirika huweza kurejeshewa nambari yake ya asili, 6001, kwa kutumia kiendeshi cha zamani pamoja na programu ya kuandika utambulisho.

Kisa cha Prolific, kampuni ya Taiwan inayounda chipu za PL2303, hakikufikia ukali huo, lakini bado kinawatatiza watu. Viendeshi vyake vya karibuni hukataa chipu za toleo la zamani ambalo kampuni iliacha kuliunda mwaka wa 2012, na kosa nambari 10 hujitokeza. Anayemiliki chipu halisi ya zamani huumia sawa na mwenye ghushi. Suluhisho ni kuchagua kiendeshi cha awali kwa mkono katika Device Manager, na kuwa macho, maana Windows Update huweza kukirudisha kile kipya.

KIFAA KIMOJA, MABWANA WAWILI

Hata pale ambapo kila kitu ni halisi, kuna chanzo cha matatizo ambacho hakizungumzwi vya kutosha. Programu tofauti hutaka viendeshi tofauti kwa kifaa kile kile.

Mfano mzuri ni OpenOCD, programu ya bure iliyoanzishwa na Dominic Rath mnamo 2005 kama kazi yake ya chuo mjini Augsburg, Ujerumani. Katika Windows, programu hii kwa kawaida hukifikia kitatuzi kupitia WinUSB, kiendeshi cha jumla kilichoundwa na Microsoft. Vitatuzi vingi vilivyoundwa kwa chipu ya FT2232, ambayo ni ndugu ya FT232, huja na kiendeshi cha FTDI. Mtumiaji huona katika Device Manager kwamba kifaa kiko salama, hakina alama yoyote ya manjano, lakini OpenOCD inasema haikipati. Wote wawili wanasema kweli.

Anayehitaji kubadilisha kiendeshi hutumia Zadig, programu ndogo ya Pete Batard, ambaye ndiye pia aliyeandika Rufus, inayojulikana sana na wanaosakinisha Windows kwa kutumia diski ndogo za USB. Chipu ya FT2232 ina njia mbili: ya kwanza kwa kawaida hutumika kwa utatuzi, na ya pili kwa ujumbe wa maandishi. Katika Zadig njia hizo huonekana kama Interface 0 na Interface 1. Ile ya kwanza hupewa WinUSB. Ya pili huachwa ilivyo, la sivyo ujumbe wa maandishi hutoweka na fundi kuanza kusaka hitilafu mpya aliyojiletea mwenyewe.

Tahadhari inahitajika hapa kuliko mahali pengine popote. Zadig ikiamriwa kuonyesha vifaa vyote, huorodhesha pia kibodi na kipanya, nayo hutii chochote inachoambiwa. Aliyechagua kibodi kwa bahati mbaya hujikuta mbele ya tarakilishi ya mezani isiyoweza kupokea hata nywila yake. Kabla ya kubofya, nambari mbili zinazoonyeshwa na Zadig zilinganishwe na zile zilizosomwa katika Device Manager.

Mwenye kutaka kurejea kiendeshi cha awali hukifuta kifaa katika Device Manager, akiweka alama kwenye kisanduku kinachoruhusu programu ya kiendeshi ifutwe pia. Bila alama hiyo, kiendeshi kile kile hurudi mara kifaa kinapochomekwa tena. Watumiaji wa vitatuzi vya awali vya J-Link walizoea safari hii ya kwenda na kurudi, kwani programu za kampuni ya SEGGER zilidai kiendeshi chake na OpenOCD ikadai WinUSB.

Vitatuzi vilivyoigwa huleta kero nyingine. Kifaa kisichokuwa na nambari yake ya pekee ya usajili huonekana kama kigeni kila kinapohamishiwa tundu jingine, na Windows hukifungulia faili mpya. Kazi yote ya Zadig hulazimika kurudiwa. Ni vyema kitatuzi cha aina hiyo kitengewe tundu moja.

Kosa nambari 52 ni la sahihi. Tangu Windows Vista ya biti 64 iingie sokoni mwaka wa 2007, viendeshi vinavyoingia ndani ya kiini cha mfumo hudaiwa sahihi ya kidijitali, na tangu 2016 masharti yalikazwa ili viendeshi vipya vipitie kwa Microsoft yenyewe. Windows 11 haina toleo la biti 32, na ina ulinzi wa kumbukumbu unaoweza kukizuia kiendeshi cha zamani hata kikiwa na sahihi. Kitatuzi cha miaka ya 2000 ambacho muundaji wake amekiacha huenda kisipate nafasi hapo kamwe.

Wapo wanaopendekeza ukaguzi wa sahihi uzimwe. Hilo huwezekana, ila ni sawa na kuuondoa mlango kwa sababu ufunguo mmoja umepotea, hasa ikiwa kiendeshi kinachosubiriwa kimepakuliwa kutoka tovuti isiyojulikana. Tarakilishi kuukuu isiyounganishwa na intaneti, iliyotengwa kwa kazi hiyo pekee, ni salama zaidi.

LINUX NAYO

Watumiaji wa Linux hupenda kujigamba kuwa hawana adha za viendeshi. Ni kweli kwa kiasi, lakini wana adha ya ruhusa. Kitatuzi huonekana katika lsusb, programu hukiona pia, kisha inanyimwa ruhusa ya kukitumia kwa sababu mtumiaji wa kawaida haruhusiwi. Kuendesha kila kitu kwa mamlaka ya msimamizi huficha tatizo bila kuliondoa. Njia sahihi ni kuweka faili ya kanuni katika folda ya /etc/udev/rules.d, ikitaja zile nambari mbili za kifaa, kisha kukichomoa kifaa na kukichomeka upya.

Kisa cha Ubuntu 22.04, iliyotolewa Aprili 2022, kinaonyesha jinsi utambulisho wa kuaminiana unavyoweza kuzua vurugu hata pasipo mtu mwenye nia mbaya. Ndani yake mlikuwa na brltty, programu inayowasaidia wasioona kusoma kiwambo kwa maandishi ya Braille. Baadhi ya vifaa vya Braille hutumia chipu ya CH340 na nambari zake za kawaida, 1a86 na 7523. Chipu hiyo hiyo imo katika maelfu ya bodi za bei nafuu ambazo wanafunzi hununua. Bodi ilipochomekwa, brltty iliidhania kuwa kifaa cha Braille na kuinyakua, na mwanafunzi akabaki akiitazama ikijitokeza na kutoweka papo hapo. Wengi waliiondoa programu hiyo. Hilo halina neno, mradi hakuna asiyeona anayeitegemea tarakilishi hiyo.

Waundaji wa vitatuzi wenyewe wamechoshwa na hali hii. Arm, kampuni ya Uingereza ambayo miundo yake imo katika chipu nyingi ndogo, iliweka utaratibu uitwao CMSIS-DAP. Toleo lake la kwanza huipitisha kazi ya utatuzi katika mlango ule ule unaotumiwa na kibodi na kipanya, ambao kila mfumo tayari una kiendeshi chake. Toleo la pili, lenye kasi zaidi, huiambia Windows moja kwa moja kwamba linahitaji WinUSB, na Windows hutii bila mtu kusakinisha chochote. Kitatuzi cha Raspberry Pi kilichotolewa Februari 2023 kwa dola 12 hufuata utaratibu huu. Kwa shule au karakana inayonunua vifaa upya, hiki ni kigezo kizito kuliko wingi wa vipengele vinavyotangazwa kwenye kasha.

Limesalia jambo moja ambalo huhesabiwa kimakosa kuwa la kiendeshi. Kwa kawaida kitatuzi hutumiwa na programu moja tu kwa wakati. Dirisha la jana lililosahauliwa wazi, au programu iliyofungwa vibaya na ambayo bado inaendeshwa chinichini, hutosha kukizuia kwa nyingine zote. Orodha ya programu zinazoendeshwa ikaguliwe kabla ya kiendeshi chochote kuguswa.

Na iwapo programu ya utatuzi inasoma nambari ya usajili ya kitatuzi na kuonyesha volti za bodi, lakini inalalamika kuwa haipati chipu, basi kiendeshi kimekwisha kutimiza wajibu wake. Hitilafu itafutwe ng'ambo ya pili: bodi isiyo na umeme, waya wa ardhi uliosahaulika, nyaya mbili zilizopishana, au chipu ambayo programu iliyomo ndani yake imezizima pini za utatuzi mara tu inapowaka. Hii ya mwisho hushindwa kwa kuibonyeza swichi ya kuanzisha upya bodi, kitatuzi kikaamriwa kuunganisha, kisha swichi ikaachiliwa.